Jumamosi za Viraka

Nilifanya kazi miaka ishirini na miwili katika chumba cha shuka cha hoteli moja pale Diani, na katika miaka yote hiyo nilishona mshono wa aina moja tu: ulionyooka. Shuka likichanika nalipitisha kwenye cherehani, nalikunja, nalirudisha rafuni. Pazia likifumuka pindo, vivyo hivyo. Mameneja walikuja na kuondoka, wageni walikuja na kuondoka, na mimi nilikuwa nyuma ya jengo karibu na mashine za kufulia, nikishona mstari wangu. Nilipostaafu nilirudi nyumbani Mwabungo na cherehani ya miguu, maumivu ya kiuno, na ujuzi usiotosha hata kumshonea mtu dera.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo ilikuwaje nikaanzisha kikundi cha kushona mifarishi, humjibu kwamba sikukianzisha mimi. Kilianzishwa na jirani yangu, mbele ya watu, na mimi nikakosa pa kukimbilia.

Jirani huyu ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, mwenye macho makali na ulimi unaoyazidi macho. Ua wake wa makuti umeungana na wangu, na chochote nipikacho yeye hukijua kabla mume wangu hajakijua. Mjukuu wake alipojifungua mtoto wa kwanza, nilitaka siku ya arobaini nipeleke kitu ambacho si beseni, maana mabeseni yalikuwa yamekwisha kuwa mengi katika nyumba ile. Kuna fundi mmoja Ukunda ambaye mara kwa mara hunipa mabaki ya vitambaa vyake. Niliyatoa kwenye gunia, nikakata vipande vya mraba, nikaviunga kwa mshono wangu ule ule ulionyooka, nikatia kipande cha blanketi jepesi katikati na bitana chini. Kikatoka kitu kinene kidogo, cha rangi rangi, cha kutosha kumlazia mtoto.

Siku ya arobaini kile kitu kilipita mkono kwa mkono mpaka mtoto mwenyewe akasahauliwa. Mmoja alikigeuza kuangalia mishono. Mwingine alikipima mashavuni. Kilipofika kwa jirani yangu, alikaa nacho mapajani muda mrefu.

"Huu ni mfarishi," akasema. "Bibi yangu alikuwa nao mmoja, wa viraka hivi hivi. Mtu akishikwa na homa nyumbani, alifunikwa nao. Alipofariki sikuuona tena, wala sikuona mwingine." Kisha akanigeukia. "Utatufundisha."

"Bi mkubwa, mimi mwenyewe sijui..."

"Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri. Kwako kuna baraza pana."

Wanawake wakaitikia kama vile jambo lilikuwa limekwisha kupitishwa zamani na mimi tu ndiye niliyekuwa sijaambiwa.

Nilimweleza mume wangu jioni ile. Yeye ni fundi wa vigae aliyestaafu. Kwa hesabu yake mwenyewe, nusu ya mabafu kuanzia Tiwi mpaka Galu ameyaweka vigae yeye, na mimi sina sababu ya kumbishia. Si mtu wa maneno mengi, ila akizungumza habari za sakafu.

"Joto lote hili," akasema, "mfarishi wa nini?"

 Nikamkumbusha kwamba mwezi wa saba, alfajiri, yeye ndiye anayenivutia leso yangu, kanga ya kujifunikia, kitandani mpaka naamka miguu nje. Akaenda kuoga, na mimi nikachukulia kuwa ni ruhusa.

Niliandaa sindano nne na mkasi mmoja, kwa sababu nilitarajia watu wanne. Wakaja kumi na wanne. Walijaa barazani wakafika mpaka mlango wa jikoni. Wengi walikuwa wa papa hapa Mwabungo. Wawili walitoka Waa, walikuwepo kwenye arobaini na habari ikawashika. Na mmoja hakuwa amealikwa na yeyote.

Huyo alikuwa mama wa mboga. Asili yake ni bara. Wazazi wa mumewe walipata shamba katika ardhi ya makazi iliyogawiwa na serikali kule upande wa Msambweni, na yeye huja kwetu kila siku na baiskeli, sukuma wiki na mchicha nyuma, nyanya mbele. Siku ile alikuwa amekwisha kuuza, anarudi zake, akaona viatu vingi mlangoni. Akasimamisha baiskeli.

"Ni chama?" akauliza.

"Ni darasa," nikamwambia.

"La kulipa?"

"La bure."

"Hakuna noma, basi nitakaa kidogo." Akaketi ukingoni mwa mkeka na viatu vyake vya mpira. Akaangalia miguu ya wenzake, akainuka taratibu, akavivua, akaketi tena. "Ila niwaambie ukweli, mimi hata kifungo hunishinda."

"Umekuja mahali pake," jirani yangu akamjibu. "Hata mwalimu naye hivyo hivyo."

Nikaanza kufundisha. Nikasema kila mmoja aende nyumbani akate vipande sita vya mraba, kutoka kwenye nguo kuukuu au leso iliyochakaa, avilete wiki ijayo. Mmoja wa wale wa Waa akauliza vya ukubwa gani. Hapo nikagundua kwamba sikuwa na rula, wala utepe wa kupimia wa kuzungusha kwa watu kumi na wanne. Nikanyoosha kiganja changu, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Shubiri moja kila upande."

Jumamosi iliyofuata tulivitandaza vipande vyote mkekani. Ni kweli kila mtu alikuwa amekata shubiri moja. Lakini kila mtu alikuwa amekata shubiri yake. Jirani yangu ana mikono midogo kama ya msichana, na vipande vyake vilikuwa kama leso za kufutia pua. Yule mrefu wa Waa ana viganja kama sinia. Mama wa mboga alikuwa amekata vizuri kwa mapana, kisha nadhani akaitwa na mteja, maana kwa marefu alirudi na kipimo kingine. Tulikuwa na vipande themanini na kitu, na havikuwepo viwili vinavyolingana. Kwanza tulivipimisha kimoja juu ya kingine. Halafu mmoja akaanza kucheka, na baada ya hapo hapakuwa na darasa.

Mume wangu alikuwa anatoka msikitini. Alifika barazani, akatazama chini, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyeona ajali barabarani.

"Mmepimia nini?"

"Shubiri," nikasema.

 Alizunguka nyuma ya nyumba, tukamsikia akigongagonga vitu, akarudi na vigae vidogo vya ukutani, vya buluu, mabaki ya bafu la hoteli fulani. Akampa kila mwanamke kigae kimoja, kwa adabu, kama anayegawa halua.

"Hivi vimekatwa na mashine," akasema. "Vyote ni sawasawa. Weka kigae juu ya kitambaa, zungusha chaki, kata."

Nilidhani angeingia ndani. Badala yake akachuchumaa kwenye ukingo wa mkeka. "Na mtakapovipanga, anzeni katikati. Ukianzia pembeni, kosa dogo la kwanza utalibeba mpaka ukuta wa pili, likifika huko limekuwa kubwa. Ukianzia katikati, kosa linagawanyika pande zote na hakuna anayeliona."

"Sijakusikia ukisema maneno mengi hivi," jirani yangu akamwambia, "tangu ulipokuja kuposa."

Hapo ndipo alipoingia ndani.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Tulikata upya kwa vigae, tukajifunza kuunga vipande kwa mkono, na nikagundua kwamba waliokuja kujifunza walinizidi haraka. Jirani yangu ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote. Mishono yake ilikuwa midogo kama punje za ufuta, na aliishona huku anazungumza, wala hatazami. Mama wa mboga alikuwa wa mwisho. Mishono yake ilikwenda kama nyayo za kuku kwenye mchanga, na kila baada ya dakika mbili alijidunga. Jirani yangu alimhurumia, akamvalisha subana yake mwenyewe, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, akamkalisha karibu naye.

"Mwanangu, sindano si jembe. Usiichimbie."

"Nimelima tangu asubuhi, mama. Mkono haujui tofauti."

"Utajua. Vuta uzi polepole. Hakuna anayekufukuza."

Walikaa hivyo, bega kwa bega, Jumamosi nne au tano. Mama wa mboga akaanza kuamkia shikamoo kama sisi, na jirani yangu akaanza kusema hakuna noma. Siku moja nilimsikia akimwambia hivyo imamu, na imamu akaonekana kutafakari.

Vipande vilipotosha, tulikubaliana kwamba mfarishi wa kwanza tuufanye mmoja wa wote, na mimi niuunge juu kwa cherehani, kwa kuwa ndiyo peke yake tuliyokuwa nayo. Nikamwaga vipande kwenye sakafu ya chumbani, mimi na mume wangu tukaanza kuvipanga, kuanzia katikati kama alivyoamuru. Tulifurahi sana siku ile. Njano hapa, buluu pale, nyekundu isikae karibu na nyekundu. Nikakaa kwenye cherehani nikaunga mstari baada ya mstari.

Lazima nieleze kidogo habari za leso. Leso ina maneno yaliyochapishwa juu ya pindo, na huku kwetu mwanamke huinunua kwa maneno yale kama anavyoinunua kwa rangi, pengine zaidi. Ukijifunga leso ukapita mbele ya mlango wa mtu, umezungumza naye. Tulikuwa tumekata leso nyingi, na maneno yalikatika nayo: nusu neno hapa, neno moja pale. Sikuyatilia maanani. Mpaka nilipoinua ule mstari wa katikati kuutazama kwenye mwanga wa dirisha, nikakuta kipande cha njano alicholeta jirani yangu kimeandikwa JIRANI, na pembeni yake kipande chekundu cha mama wa mboga, kimeandikwa HASIDI.

Mume wangu naye alikuwa ameona.

"Fumua," akasema.

Nilikuwa nimekwisha kuunga mistari mitatu juu na mitatu chini. Kiuno kilikuwa kinaniuma. "Nani atasoma?" nikamwambia. "Watu wataangalia rangi."

Jumamosi tukautandaza barazani. Ulikuwa umependeza kweli. Wanawake walipiga vigelegele, wakavua viatu wakauzunguka, kila mmoja akitafuta vipande vyake. Jirani yangu alivipata vyake vitano, akavigusa kimoja kimoja. Alipofika cha sita akainama, akakaa ameinama.

"Jirani hasidi," akasoma kwa sauti. Baraza nzima ikasikia. "Nani ameweka hiki hapa?"

 Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Hicho chekundu ni changu," mama wa mboga akasema. "Nilinunua leso hiyo Lunga Lunga nilipoenda kumwona dada yangu. Nilipenda rangi. Kwani hasidi ni nini?"

"Mtu hanunui leso bila kuisoma."

"Kwetu tunasoma bei, mama."

Siku nyingine tungecheka. Jirani yangu akachukua kikopo chake cha sindano, akajifunga mtandio vizuri, akaenda zake bila kuaga. Mama wa mboga akabaki ameshika ile subana, hajui airudishe vipi. Aliiweka mkekani, akavaa viatu, akasukuma baiskeli yake. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema tangu mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa sentensi moja tu, ya kwamba ni mimi. Sikuisema. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na alivyonitazama nikaona heri angenigombeza.

Juma lile lilikuwa refu. Asubuhi nilisikia kengele ya baiskeli ikipita, na mlango wa jirani yangu haukufunguka. Wanawake wawili wengine nao, walioona kwamba bibi amesusa, wakasusa. Jumatano mama wa mboga alinipitia na mchicha umenyauka nyuma ya baiskeli.

"Kama nimewakosea mniambie," akasema. "Mimi hizi adabu za huku nazijifunza bado."

Nilinunua mchicha wote. Hata wakati ule sikusema. Ila nilipofika jikoni na lile furushi la mboga, nikajiona mtu wa ajabu, nikaliweka chini, nikatoka kwenda kwa jirani.

Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo."

"Marahaba." Hakuinua macho. Hapakuwa na kiti, nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikijihadhari na meno yake.

"Bi mkubwa, yale maneno niliyaweka mimi. Sikukusudia, nilikuwa naangalia rangi. Lakini niliyaona kabla ya Jumamosi, nikaona uvivu kufumua. Yule mama wa mboga hakujua lolote."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Cherehani ziko ngapi kwenye kikundi? Moja. Iko wapi? Kwako. Nilipouliza nani ameweka, nilikuwa nakuangalia wewe. Ukatazama miguu yako, na yule mgeni akajibu badala yako." Akaweka ungo chini. "Neno lenyewe halikuniuma sana. Nimeitwa mabaya zaidi, na wifi zangu. Nilingoja uniambie. Nimengoja siku nne."

Nikasema niwie radhi. Akaitikia kwa kichwa.

"Lakini mbona umesusa mboga zake," nikauliza, "kama ulijua hana kosa?"

 Alichezea pindo la leso yake.

"Sikususa," akasema mwishowe. "Nilimsemesha vibaya mbele za watu. Sasa nikisikia ile kengele naona haya, najificha jikoni mpaka apite. Siku nne nakula kunde."

Nilijaribu kutocheka. Yeye ndiye aliyeanza.

Ijumaa asubuhi alimngoja mama wa mboga njiani, mbele ya geti lake. Sikuwa karibu kusikia waliyoambiana, lakini mama wa mboga alinisimulia baadaye. Bibi hakuzunguka. Alimwambia nilikukosea mwanangu, nisamehe, kisha akanunua mafungu sita ya sukuma wiki. "Mama, sita," akanisisitizia. "Na yule anaishi peke yake." Jioni ile bibi alinipenyezea mafungu matano juu ya ua. Nilikuwa bado na ule mchicha wa juzi. Mume wangu aliuliza kama tumeanza kufuga sungura.

Jumamosi walikuja wote. Kabla ya mtu yeyote kutunga uzi, nilisimama nikaeleza yaliyotokea, tangu nilivyoona mpaka nilivyonyamaza, na nikamwomba radhi mama wa mboga mbele ya wote, kwa kuwa mbele ya wote ndipo nilipomwacha peke yake. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Alisikiliza akiwa amepakata kikapu chake.

"Mimi na mama tulipatana jana, lakini darasani nilijua nimefukuzwa," akasema. "Leo nimekuja kuchukua vipande vyangu."

"Vyako havitoki," jirani yangu akamwambia. "Kaa."

Nikachukua wembe, nikafumua pande zote nne za kile kipande chekundu, uzi kwa uzi, na ilinichukua karibu muda wote mpaka Magharibi, kwa sababu mshono wa cherehani yangu, namshukuru Mungu, ni madhubuti. Mahali pake jirani yangu alitoa kipande cha kijani kutoka kwenye kikopo chake. "Nimeleta kisicho na maneno," akasema. "Tupumzike."

Kile chekundu akamrudishia mwenyewe, na akamwuliza ile leso nzima ilikuwa imeandikwa nini. Mama wa mboga aliyakumbuka maneno kwa kuyaona kila akiifua. Aliyataja polepole, neno baada ya neno, na sisi tulikuwa tunatazamana. Jirani yangu akamfafanulia maana yake. Yale maneno sitayaandika hapa.

Mama wa mboga akashika mdomo. "Leso hiyo niliivaa kumpokea mama mkwe wangu alipotoka safari ya bara."

"Akasema nini?"

"Akaisifu rangi."

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Tulitandaza bitana, juu yake blanketi mbili za mtumba zilizounganishwa, juu yake viraka vyetu, tukapiga bandi kila upande, ile mishono mirefu ya kushikilia tu, ili vitu vitatu vikae kama kimoja. Kisha tukauzunguka sote, watu kumi na sita pamoja na mume wangu, tukashona kupitia tabaka zote kuanzia katikati kwenda nje. Mume wangu hakushona. Yeye, pamoja na uzee wake, hahitaji miwani, na kazi yake ikawa kututungia uzi. Alikaa na sindano kumi zimechomekwa kifuani kwenye shati, kila moja na uzi wake, mtu akiita anachomoa. Alipokwenda msikitini siku moja na sindano mbili bado zimening'inia, aliulizwa maswali, akarudi amenuna, lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa mahali pake.

Mfarishi ulipokwisha, tukapiga kura nani aondoke nao. Nilikuwa ninaomba moyoni uende kwa jirani yangu, au kwa mama wa mboga. Kura ikamwangukia yule mrefu wa Waa, mwenye viganja kama sinia, ambaye, kusema kweli, alikuwa amekosa Jumamosi nyingi kuliko alizohudhuria. Tukampigia makofi ya kutosha. Akaukunja, akautia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda zake, na watu wakabaki wanapanga sindano zao kimya kimya.

Haikupita mwezi, nikawa Ukunda nimeenda kwa yule fundi kuchukua mabaki, nikaona tuktuk imesimama mbele ya duka la dawa. Kwenye kiti cha abiria palitandikwa kitu cha rangi rangi. Nikasogea. Kile kipande cha kijani kisicho na maneno kilikuwa pale, na juu yake amekaa mama mnene na kuku wawili.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimwambia jirani yangu kwenye ua, nilimwambia mama wa mboga, nilimwambia mume wangu mara mbili. Kazi ya miezi, nikasema, inakaliwa na kuku. Mama wa mboga akaniuliza kama ulikuwa umechanika popote. Nikasema hapana. Ulikuwa umefumuka? Hapana. "Basi si tumeshona vizuri," akasema, akapanda baiskeli yake.

Dereva wa tuktuk ile ni mume wa yule mwanamke wa Waa, na kumbe abiria hawakumwacha apumue. Wote waliuliza alikonunua. Yeye, kwa kuwa hakujua jibu refu, aliwaambia Mwabungo, kwa mke wa fundi wa vigae, Jumamosi. Wakaanza kuja. Wa kwanza walikuwa watatu, kisha saba. Mmoja alishuka kwenye ile ile tuktuk mbele ya nyumba yangu, akaonyesha kiti alichokalia, akasema anataka kujifunza kushona hicho.

Sasa tuko zaidi ya thelathini na baraza haitoshi. Wanaoanza tunawakalisha kwa jirani yangu, upande wa pili wa ua, tulioutoboa mlango mdogo wa kupitia, na mama wa mboga ndiye anayewaonyesha namna ya kushika sindano. Mishono yake bado si ya kujivunia, lakini wanaoanza humpenda, kwa sababu hana haraka na hamcheki mtu. Juzi alikuja binti mmoja na leso tatu anataka kuzikata, na jirani yangu akazikunjua kuzisoma kwanza, kama anavyofanya sasa kwa kila mtu. Ya tatu aliisoma mara mbili.

"Hii umepewa na nani?"

"Na wifi yangu. Siku ya harusi."

Bibi akamrudishia, akamtafutia mkasi mkali. "Ikate, mwanangu. Ikate ndogo ndogo."